Tcpdump inaziona trapu, programu kimya: angalia hapa kwanza

Mkuu, umesema seva yako ya Lindi inatuma trapu za SNMP (taarifa ambazo kifaa hutuma chenyewe kikipata tatizo) kwenda seva ya Mtwara, ukiwasha tcpdump, ile programu ya kuchungulia mtandao, unaziona zinaingia, ila programu ya ufuatiliaji haina habari. Yalinikuta hayohayo msimu wa korosho mwaka juzi, ghalani, foleni ya magunia nje na mimi jasho linanitoka.

Niliiamini mno tcpdump. Ile inachungulia pakiti zikigusa tu kadi ya mtandao, kabla fayawoli ya seva, yaani mlinzi wa mtandao, haijaamua lolote. Ukiiona UDP 162, yaani mlango wa kupokelea trapu, mzigo umefika getini. Mlinzi akiutupa ndani huoni. Mimi nilikuwa nimefungua 161 nikatulia, kumbe 161 ni ya Mtwara kuuliza hali. Trapu hupiga hodi zenyewe kwenye 162. Siku mbili zimeliwa na tarakimu moja!

Nikafungua 162, bado kimya. Hapo ndipo nikaisimamisha snmptrapd, programu inayopokea trapu kwenye seva ya Mtwara, na kuiwasha kwa mkono:

snmptrapd -f -Lo

Ikanionya palepale: hakuna ruhusa iliyowekwa, haitapokea taarifa yoyote. Tangu toleo la 5.3 la Net-SNMP, kifurushi chenye snmptrapd, ndivyo ilivyo, usiporuhusu inakataa. Weka kwenye faili la mipangilio snmptrapd.conf, sirihapa ikiwa neno la siri la seva zako:

authCommunity log,execute sirihapa

Ukiandika log peke yake, utaziona kwenye logi lakini skripti ya kuzipeleka kwenye programu yako haitaguswa. Kisha usisubiri swichi ife ndipo ujaribu. Ukiwa Lindi tuma mwenyewe:

snmptrap -v 2c -c sirihapa ANWANI_YA_MTWARA '' 1.3.6.1.6.3.1.1.5.3

Hiyo namba ndefu ni taarifa ya "laini imekatika". Kama unatumia v3, toleo la tatu la SNMP, hakikisha Mtwara inaijua engineID (kitambulisho) ya Lindi, la sivyo utahangaika bure.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawaliwazi: trapu haina risiti, ikipotea njiani Lindi haijui. Inform, aina nyingine ya taarifa ya SNMP, inasubiri jibu na kurudia, ni afadhali. Ila laini ya Lindi–Mtwara ikikatika yenyewe, taarifa ya kukatika itapita wapi? Kwangu mimi, Mtwara inaiuliza Lindi kila dakika, isipojibu mara 3 simu yangu inalia.

Tubandikie alichokuambia snmptrapd pamoja na sheria za fayawoli, ila futa hiyo siri kwanza.