Fundi Anajibu: Injini ya guta imegeuzwa ya cheni, niweke meno mangapi?

SWALI: Mwangaluka fundi. Mi niko Igoma hapa Mwanza, nina fremu ya boda nimeifunga injini ya guta (pikipiki ya mizigo ya matairi matatu) cc 200, ile ya shafti badala ya cheni, tukatoa kapilingi fundi akaweka sproketi ya meno 17 mbele, nyuma ipo ya 38, cheni 428. Tunashindana na washkaji kwenye uwanja wa vumbi, mnyoofu wake kama mita 250 hivi. Sasa tatizo gia ya nne inafika kilomita 82 kwa saa kwa GPS ya simu, nikiingiza ya tano badala ya kuongeza inashuka hadi 78. Mmoja kaniambia niweke 19 mbele ndo itakimbia, mwingine anasema nihamie cheni ya 520. Nishike lipi?

JIBU: Mwangaluka mdogo wangu. Yote mawili achana nayo, ya 19 ndo kabisa, maana hiyo 17 yenyewe tayari imezidi. Gia ya tano kuwa nzito kuliko ya nne ni injini inakwambia haina nguvu ya kusukuma mzigo uliopewa, ukiongeza meno ya mbele unamwongezea mzigo mtu aliyekwisha kupiga magoti.

Kabla ya kujibu nilimrudishia muulizaji ujumbe afanye kitu kimoja ambacho kila mwenye injini ya kuokoteza afanye, kwa sababu injini za guta gia zake za ndani huwezi kuzijua kwa kuangalia kava, na meno ya sproketi ya mwenzio mwenye injini nyingine hayakuhusu. Toa plagi, pandisha tairi la nyuma juu, fungua kava la magneto (weka beseni chini, oili inaweza kumwagika), piga alama ya chaki kwenye magneto na kwenye tairi, ingiza gia ya tano, alafu mmoja azungushe tairi mara 10 kwa mkono na mwingine ahesabu magneto imezunguka mara ngapi. Yeye kapata 87. Akarudia kwenye gia ya nne akapata 102. Na mzunguko wa tairi akaupima kwa chaki chini sakafuni huku kakaa juu ya pikipiki, maana tairi likibebeshwa mtu linabonyea, akapata mita 1.90.

Sasa twende. 87 kwa 10 ni 8.7, yaani tairi ikizunguka mara moja injini imezunguka mara 8.7. Tairi la mita 1.90, kila mizunguko 100 kwa dakika inakupa kilomita 11.4 kwa saa. Kwa hiyo 78 kwenye gia ya tano tairi linazunguka kama 684 kwa dakika, zidisha 8.7, injini iko karibu mizunguko 5,950 kwa dakika. Kwenye ya nne, 82 ni tairi 719, zidisha 10.2, injini iko kama 7,340. Umeona sasa? Huna hata mita ya mizunguko lakini tumeshajua injini yako inafurahia wapi, inafurahia juu ya elfu saba, na ya tano inaikalisha chini ya elfu sita ambako nguvu bado haijaja.

Tunachotaka ni gia ya tano ifike kama 7,500 pale mwisho wa mnyoofu, sio katikati na sio baada ya kona. Mbele ukishusha kutoka 17 kwenda 15 na nyuma ukaiacha 38 yako, ile mizunguko 87 ya magneto inakuwa kama 98.6, na kwenye 7,500 unapata karibu kilomita 87 kwa saa. Ukiweka 16 unapata kama 92, ambayo kwa mita 250 sidhani kama utaifikia. Ukiweka 14 ni kama 81, hiyo itatoka kwenye kona kama swala lakini mwisho wa mnyoofu injini inalia tu haiongezi kitu. Anza na 15. Nunua na 14 kabisa ukae nayo mfukoni, siku uwanja umelowa au wameweka kona nyingi unabadilisha. Ya mbele ni bei ndogo kuliko ya nyuma na ndo inayobadilisha mambo haraka, jino moja la mbele kwako ni sawa na meno mawili na nusu hivi ya nyuma. Kwa hiyo ukitaka kurekebisha kidogo kidogo cheza na ya nyuma, ukitaka kuruka hatua kubwa cheza na ya mbele.

Na hapa niseme kuhusu wale wanaowauliza watu wa Dar wameweka ngapi. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi, injini isiyo na tabo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Sproketi inayovutwa vizuri pwani huku inaweza kuwa nzito, na kabureta nayo iliyosetiwa kule huku inamwaga mafuta mengi kupita kiasi kwa hewa iliyopo, ndo unaona plagi nyeusi.

Cheni 520 huihitaji. 428 pichi yake (umbali wa pini hadi pini) ni milimita 12.7 na 520 ni 15.875, haziingiliani kabisa, itabidi ubadilishe sproketi zote mbili na utakuwa umeongeza uzito bure. Chukua 428H (428 ya aina nzito) nzuri inatosha injini hiyo. Ukishusha meno mawili mbele cheni inabaki ndefu kwa pichi moja tu, ina maana ekseli inarudi nyuma kama milimita 6, kwa hiyo huna haja ya kukata pingili ila angalia kama fremu yako bado ina nafasi ya kurudisha.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni picha uliyonitumia. Meno ya sproketi ya nyuma yanang'aa upande wa ndani peke yake, upande wa nje bado yana rangi ya dukani. Hiyo ni cheni inayovutwa upande. Injini ya shafti haikutengenezwa ili sproketi yake ikae mstari mmoja na tairi la pikipiki, na hapo ndo wanaogeuza wengi wanapokosea, wanapiga hesabu ya meno wanasahau mstari. Chukua nondo iliyonyooka au bomba la alumini, ilaze kwenye uso wa sproketi ya nyuma ielekee mbele, uone inagusa uso wa sproketi ya mbele au imeacha nafasi. Ikizidi milimita moja au mbili peleka kwa fundi wa mashine akuchongee spesa. Usirekebishe kwa kupindisha tairi kwenye ekseli, utatengeneza cheni utaharibu njia ya pikipiki, kwenye vumbi itakuwa inakutupa upande.

Pia niambie hiyo 17 imeshikwaje. Kama ameichomelea kwenye kapilingi, moto wa welding unalainisha chuma na mara nyingi haikai katikati. Zungusha tairi taratibu ukibonyeza cheni kwa kidole, ikiwa sehemu moja imekaza na nyingine imelegea basi sproketi haijakaa katikati. Tafuta inayoingia kwenye meno ya shafti yenyewe na ifungwe na sahani yake. Alafu weka kava, shafti ilikuwa imefichwa lakini cheni iko wazi, kamba ya kiatu ikiingia hapo ni mguu huo.

Kugeuza shafti kuwa cheni sio ushamba wala sio jambo la vijana wa Igoma tu. Italia MV Agusta 750 zilitoka kiwandani na shafti, na Arturo Magni, mtu aliyeongoza timu yao ya mashindano, baadaye akauza vifaa vya kuzigeuza ziwe za cheni. Shafti ni nzito na kubadilisha uwiano wake sio kazi ya dakika kumi. Wewe sasa una cheni, itumie faida yake.

Na uwanjani tu jamani, daraja la Kigongo–Busisi sio sehemu ya kupimia sproketi.

SWALI: Mi ni boda wa Buhongwa, 14 mbele 42 nyuma. Kupanda Bugando na mshikaki (abiria zaidi ya mmoja) inachoka sana. Niweke 13?

JIBU: Itavuta zaidi kama asilimia 8, na kwa spidi ileile injini itazunguka zaidi kwa hiyo hiyo 8, siku nzima mjini utaiona kwenye mafuta. Weka 44 nyuma, mbele ibaki 14, unapata karibu 5 na cheni haipindi sana. Ila cheni inaweza kuwa fupi, pima kwanza. Mshikaki acha, hilo halihitaji sproketi.

SWALI: Niko Nansio, Ukerewe. Natembea mchangani ufukweni, cheni haimalizi muda inatoa sauti. Nipake grisi nyingi?

JIBU: Grisi nyingi ndo inashika mchanga, unakuwa umejitengenezea msasa. Osha kwa mafuta ya taa na brashi, usitumie petroli, na kama cheni yako ni ya oringi (ina vipete vya mpira kwenye pingili) tumia brashi laini. Kujua kama imekwisha, ivute ikaze upime pingili 20 za 428, mpya ni milimita 254, ikifika 259 toa, na utoe na sproketi zote mbili maana cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka haidumu. Oili paka upande wa ndani unaogusana na meno, jioni cheni ikiwa bado ina joto, alafu futa ya nje yote kwa kitambaa kabla hujalala.