Usipime kiungo kwa pakiti zilizofika peke yake

Ukishafunga nodi za vihisio, yaani vifaa vidogo vinavyopima mazingira na kutumiana pakiti za data kwa redio, usiridhike haraka na RSSI inayosomeka kwenye skrini. Namba hiyo ya nguvu ya mawimbi, pamoja na LQI, namba ya ubora wa mapokezi, hupimwa kwenye pakiti iliyopokelewa. Iliyopotea haiachi namba yoyote. Ndiyo maana kiungo kibovu, yaani njia mbovu ya redio kati ya nodi mbili, kinaweza kuonyesha wastani wa kupendeza: zilizopenya ndizo zilizobahatika. Mimi kitu cha kwanza ninachoweka kwenye programu ya nodi ni namba ya mfululizo katika kila pakiti. Ikija ya 41 ikafuatiwa na ya 45, tatu zimepotea njiani, na hapo ndipo ninaanza kukijua kiungo.

RSSI ina kazi yake, lakini. Kwa redio ya CC2420, ambayo usikivu wake, yaani mawimbi dhaifu kabisa inayoweza kuyapokea, ni takriban −95 dBm (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi), kiungo kinachosoma juu ya −87 dBm kwa kawaida huwa imara. Kasheshe iko chini ya hapo, ambako tofauti ya desibeli mbili tatu tu, hata mtu akikatiza mbele ya antena, inatosha kukiyumbisha. Viungo vya ukanda huo ndivyo vya kukesha navyo.

Halafu pima kwenda na kurudi. Tuseme asilimia 90 ya pakiti zinafika, ila uthibitisho wa kwamba zimepokelewa unarudi kwa asilimia 60 tu. Zidisha 0.9 kwa 0.6, unapata 0.54, gawanya 1 kwa 0.54, inakuja 1.85 hivi. Hiyo ndiyo ETX: wastani wa mara ambazo nodi itatuma hadi pakiti moja ithibitishwe. Betri inaliwa karibu maradufu kwenye kiungo ambacho, kwa kutazama upande mmoja, ungekisifu.

Nodi huchagua njia kwa wastani unaosogea wa ubora wa kiungo, unaosahihishwa kila pakiti inapokuja. Kwenye wastani huo, napendelea kuipa historia uzito mkubwa kuliko pakiti ya mwisho, la sivyo nodi zitabadilisha njia kila dakika. Usizidishe tu, maana zitang'ang'ania njia iliyokwisha kufa.

Na ukikuta RSSI iko juu lakini pakiti zinapotea, usikimbilie kusogeza nodi. Shuku mwingiliano, hasa wa Wi-Fi kwenye 2.4 GHz. Jaribu chaneli ya 26 ya IEEE 802.15.4, kiwango cha redio zinazotumiwa na nodi kama hizi, ambayo mara nyingi hukwepa Wi-Fi, kisha upime tena saa ambazo jengo lina watu.