Kabla hujachuma mboga, angalia unachoacha shinani

Watu wanaoniuliza kuhusu bustani yangu karibu wote huanza na mbolea. Wanataka kujua natumia samadi ya ng'ombe au ya kuku, napulizia dawa gani, mbegu nanunua wapi. Ni maswali mazuri, lakini nikienda kwenye bustani zao mara nyingi nakuta udongo hauna shida na mbegu hazina shida. Tatizo ni mkono unaochuma. Sukuma wiki imevuliwa majani yote, limebaki bua na kijani kidogo kichwani. Mchicha umeng'olewa tuta zima siku moja. Mboga ya maboga imekatwa kila ncha. Baada ya hapo wiki zinapita hakuna kitu cha kuchuma, na mwenye bustani anarudi gengeni kununua mafungu.

Mimi nalima nyuma ya nyumba hapa Morogoro, kieneo kidogo tu, na familia inakula humo mwaka mzima. Nikisimama kwenye tuta, kwanza natazama majani yatakayobaki, ndipo nagusa yatakayokwenda chunguni. Jani ndilo jiko la mmea. Humo ndimo chakula kinapopikwa kwa mwanga wa jua, kisha kinashuka mizizini na kupanda kwenye chipukizi. Ukiyachukua yote, mmea unabaki kula akiba yake ya shinani na mizizini ili utoe mengine. Akiba ikiisha ndipo unapoona vijani vidogo, vigumu, vya manjano, na watu wanasema udongo umechoka.

Nianze na sukuma wiki, maana ndiyo inayoteswa kuliko zote. Ukishahamisha miche kutoka kitaluni, vumilia. Mwezi mmoja na nusu hadi miwili usiiguse, mpaka shina liwe imara na lina majani manane au kumi yaliyofunguka vizuri. Halafu chuma kuanzia chini kwenda juu. Jani la chini ndilo lililokomaa, na ukiliacha muda mrefu linageuka manjano bure, linalala kwenye udongo na kuwa njia ya magonjwa. Mkono mmoja ushike shina. Mwingine ushike kikonyo pale pale kinapoungana na shina, kidole gumba kikiwa juu, kisha ubonyeze kushuka chini kwa mara moja. Jani lenye maji ya kutosha hukatika kwa mlio na kuacha kovu dogo, safi. Ukivuta kwa pupa linaondoka na utepe wa ganda la shina, na jeraha la namna hiyo linachelewa kupona. Ukikata kikonyo katikati kwa kisu, kipande kinachobaki kinaoza kikiwa bado kimeshikana na shina.

Kila mche chukua majani mawili, yakizidi matatu, na uache juu yasiyopungua matano pamoja na kile kiini kinachofunua majani mapya. Najua majani mawili hayashibishi mtu. Ndiyo maana nasisitiza kupanda miche mingi kidogo kuliko unayodhani inakutosha: kwenye miche 20 ukichuma mawili mawili unapata majani 40, na hakuna mche ulioumia. Baada ya wiki moja unarudi kwenye miche ile ile. Sukuma wiki inayochumwa hivi huendelea miezi mingi, na ukipanda aina ya Thousand Headed itachipua pembeni yenyewe. Machipukizi hayo usiyatupe. Yabandue yakiwa na urefu wa kiganja, yachomeke kwenye udongo wenye unyevu kivulini, nayo yatatoa mizizi.

Mchicha una tabia nyingine. Ukiusia kwa kumwaga mbegu, utaota kwa kusongamana, kwa hiyo mavuno ya kwanza ni ya kupunguza. Wiki ya tatu au ya nne ng'oa ile iliyobanana, uile ikiwa laini, na uiache mingine kwa nafasi ya shubiri moja. Hiyo iliyobaki usiing'oe tena. Ikifika magotini, ikate shina la katikati kwa kisu kikali, ukiacha chini kipande cha urefu wa kiganja ambacho bado kina majani. Kwenye kila pembe ya jani lililobaki litatoka tawi, na baada ya wiki mbili hivi unakata matawi hayo kwa namna ile ile. Aina za majani kama Madiira, zilizotokana na kazi ya Kituo cha Dunia cha Mboga kule Arusha, zinavumilia mkato huu vizuri sana. Mchicha ukikosa maji huharakisha kutoa masuke, na ukishaingia huko majani yanakuwa madogo na machungu. Mwagilia siku hiyo hiyo uliyokata.

Kwenye maboga kuna uamuzi ambao wengi hawaufanyi: unataka majani au unataka maboga? Ukitaka vyote kwenye mche mmoja, lazima uwe na kiasi. Mimi natenga miche ya mboga na miche ya matunda. Kwenye ile ya mboga, nahesabu kuanzia nchani: ncha na vijani viwili vya mwanzo naviacha, nachuma la tatu, la nne na la tano. Hapo jani limeshatanuka lakini nyuzi zake bado zinamenyeka kirahisi. Ncha laini ni tamu, sikatai, ila nazichukua kwenye matawi ya pembeni, na mtambao mkuu naukata ncha mara moja tu, ukishakuwa mrefu, ili utoe matawi mengi.

Maua nayo yana utaratibu wake. Ua la maboga hufunguka alfajiri na kabla ya adhuhuri limeshasinyaa. Lichungulie kwa nyuma. La kike linakaa juu ya kiboga kidogo kama gololi, la kiume linasimama juu ya kikonyo chembamba kirefu. Asubuhi mapema utaona nyuki wakiingia kwenye la kiume na kutoka miguu yote imejaa unga wa manjano, kisha wanahamia kwa la kike. Waache wafanye kazi. Mnamo saa nne chuma maua ya kiume kwa ajili ya mboga, na la kike usiliguse kabisa kama unataka boga.

Kunde ni nyepesi: chuma majani machanga kuanzia wiki ya tatu, na ukitaka mbegu, acha kuchuma majani mara maua yanapoanza kutoka. Matembele kata ncha, mengine yatatambaa.

Kisamvu kinahitaji uangalifu zaidi. Kwenye muhogo wa kula mizizi, ukichuma majani mara kwa mara mizizi inabaki myembamba, hivyo ni afadhali upande mti wa kisamvu mpira kwenye kona ya uwanja, uwe wa majani tu. Chuma vile vijani vya juu vilivyo laini. Halafu jikoni usifanye haraka: majani ya muhogo yana sumu ya sayanidi, inayopungua kwa kutwanga sawasawa na kuchemsha vya kutosha sufuria ikiwa wazi. Kisamvu cha kukatakata na kukaanga juu juu si salama, hasa kwa watoto.

Saa ya kuchuma pia ina maana kubwa. Napenda kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, umande umekauka lakini jua halijawa kali. Ukipitapita kwenye majani yaliyolowa unabeba magonjwa kwa mikono na nguo kutoka mche mmoja hadi mwingine, na sukuma wiki na kunde ndizo zinazodhurika haraka. Mboga iliyochumwa mchana imeshanyauka shambani, hata ukiiloweka hairudi ilivyokuwa. Ifunike kwa kitambaa kibichi kivulini, na uioshe kabla ya kuikatakata.

Kama umepulizia dawa, soma kwenye kibandiko siku za kusubiri na uziheshimu, hata kama mboga imeiva na wageni wako mlangoni. Samadi nayo iwe imeoza, na uiweke kuzunguka shina baada ya kuchuma. Mbichi ya kuku inaunguza mizizi na kuchafua majani mtakayokula.

Na mbegu: kwenye mchicha chagua mche mmoja au miwili iliyonenepa, usiuchume hata jani tangu mwanzo. Suke likianza kukauka, lisugue kiganjani. Mbegu nyeusi zikidondoka zenyewe, likate zima, lianike juu ya kitambaa, pukuchua, pepeta, kisha uweke kwenye chupa kavu yenye mfuniko ukiwa umeandika tarehe.