Taneli ya leya ya pili: ping inapita, programu ya mauzo inaganda

Mkuu, umesema umeunganisha duka la Kariakoo na stoo ya Tegeta kwa EoIP ya ruta za MikroTik (taneli inayofanya sehemu mbili zionekane kama ziko kwenye mtandao mmoja wa ndani), ping inapita, ila programu ya mauzo ikifunguliwa Tegeta inatoa dirisha jeupe na kuganda. Usihame laini kwanza. Mimi hili lilinitesa siku tatu kwa mteja mwenye ofisi Posta na ghala Gongo la Mboto, na laini ilikuwa nzima kabisa.

Kaa kwenye kompyuta ya Tegeta, andika ping -f -l 1472 na anwani ya seva (-f inakataza pakiti kukatwa vipande, -l ni ukubwa wake kwa baiti). Ikikataa, shusha namba taratibu. Kwangu 1430 ilijibu, 1431 kimya. Ping ya kawaida ya Windows inabeba baiti 32 tu, hiyo inapenya hata tundu la sindano, kwa hiyo isikupe moyo.

Hesabu yake ni hii. EoIP inaifunga fremu nzima (pakiti ya mtandao wa ndani) ndani ya GRE, bahasha ya kuivusha kwenye intaneti, na baiti zinazoongezeka ni: 14 za kichwa cha Etheneti, 8 za GRE, 20 za IP. Jumla 42, hivyo kwenye laini ya 1500 taneli inabakiwa na 1458. Ondoa 28 za IP na ICMP (itifaki ya ping), unapata 1430 yangu. Kama laini ni PPPoE (ya kuingia kwa jina na nywila) ya 1492, taneli inabakiwa na 1450 badala ya 1458, ndipo uondoe hizo 28. Kompyuta haina habari, maana kwake seva iko kwenye swichi ileile. Ruta inayopitisha njia ingeiambia ipunguze mzigo, lakini briji (inayounga taneli na mtandao wa ndani) haisemi, inautupa tu.

Weka MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya taneli 1500 pande zote mbili, dont-fragment ibaki no, ili ruta moja ikate vipande na nyingine iviunge. Ruta ndogo itachoka zaidi, ila kwa stoo yenye kompyuta chache inatosha.

Ukimaliza hapo, angalia DHCP, huduma inayogawia vifaa anwani. Mtunza ghala alinionyesha simu yake: amesimama Gongo la Mboto, lakini geti (mahali pa kutokea kwenda intaneti) aliyopewa ni ruta ya Posta, yaani kila video aliyofungua ilivuka mji kwanza. Zuia UDP 67 na 68, namba zinazotumiwa na DHCP, zisitoke kwenye mlango wa taneli, kwenye filta ya briji, chain ya forward, na ufanye hivyo kwenye ruta zote mbili. Kisha gawa anwani kwa namba yake ya mwisho: Kariakoo wape 10 hadi 99, Tegeta 100 hadi 199.

Na tafadhali sana, EoIP yenyewe haifichi kitu. Mauzo ya duka yanapita wazi kwenye intaneti. Weka ipsec-secret (nywila inayowasha usimbaji), na uzime allow-fast-path (njia ya mkato ya ruta) kabla, la sivyo ruta itaikataa.

Andika hapa namba ya mwisho iliyojibu, na aina ya laini ya Tegeta.