Kwa mnaoanza kufundisha Biblia huku juu: mawe yanasema, ila si yote

Kamwene. Nyinyi mliopangiwa sharika za Iringa kwa mara ya kwanza, wengine mmeshuka juzi tu pale Igumbilo na sweta bado liko chini kabisa ya begi, karibuni. Baridi mtaizoea. Kuna swali ambalo hamtalizoea, nalo litawafikia wiki ya pili au ya tatu, kutoka kwa mtoto aliyekaa benchi la nyuma kwenye darasa la kipaimara.

Kwangu lilikuja hivi: "Mama Mwalimu, tunajuaje kama Biblia ni ya kweli?" Nilikuwa na miezi miwili kazini. Nikafungua 2 Timotheo 3:16, nikasoma kwa sauti ya mimbarani kwamba kila andiko lina pumzi ya Mungu. Kijana akafikiri kidogo, akasema kwa adabu kabisa, "Lakini hapo si inajisemea yenyewe?" Darasa likaangua kicheko. Nikamwambia aache kumjaribu Bwana Mungu wake, akae chini. Alikuwa na miaka kumi na minne. Alipokwisha kubarikiwa hakuonekana tena kanisani. Siwezi kusema ni jibu langu lililomfukuza. Pengine ni mpira, pengine ni Dar es Salaam. Lakini ni miaka ishirini na miwili sasa, na jibu lile nalikumbuka kuliko mahubiri yangu yote ya mwaka ule.

Kijana alikuwa na hoja. Wahenga walishasema mwamba ngoma huvutia kwake. Mtu akidai shamba mbele ya baraza, hatuishii kumsikiliza yeye. Tunawaita wanaopakana naye. Na Biblia yenyewe inaijua kanuni hiyo. Kumbukumbu la Torati 19:15 inadai mashahidi wawili au watatu. Katika Yohana 5:31 Yesu anakiri kwamba ushuhuda wa mtu juu ya nafsi yake hautoshi, kisha anaanza kuwataja mashahidi wengine, akianza na Yohana Mbatizaji. Watu wa Beroya katika Matendo 17:11 wanasifiwa kwa sababu walipomsikia Paulo walikwenda kuchunguza. Kwa hiyo mtoto akiuliza, msimkemee. Amekaa upande mmoja na Waberoya, na wewe ndiye uliyehama.

Kosa la pili nililifanya kwa bidii zaidi, maana nilikuwa najaribu kusahihisha la kwanza. Simu za kisasa zilipoingia, nikaanza kupokea video: magurudumu ya magari ya Farao chini ya Bahari ya Shamu, safina ya Nuhu kwenye milima ya Uturuki. Nikaenda duka la steshenari mjini, nikachapisha picha za rangi kwa pesa yangu, nikazibandika ukutani. Jumapili moja mshiriki wetu, mwalimu wa historia, akaniita pembeni baada ya ibada. "Mama, haya magurudumu yamehifadhiwa makumbusho gani?" Sikuwa na la kusema. Nikatafuta wiki nzima, nikakuta kwamba aliyeyasambaza sana madai yale ni Mmarekani mmoja, Ron Wyatt, muuguzi wa nusukaputi aliyefariki mwaka 1999, na kwamba wanaakiolojia, wakiwemo Wakristo wacha Mungu, waliyakataa. Hakikuletwa kitu mezani kikapimwa. Nikabandua picha zangu usiku, kama mwizi.

Tangu hapo, mtu akiniletea ugunduzi namuuliza umepatikana lini, nani aliuchimba, na sasa uko wapi. Vingi vinavyozunguka kwenye makundi ya kwaya havivuki hata swali la kwanza.

Vinavyovuka vipo, na vina nguvu ya ajabu. Ugunduzi ninaoupenda kuliko wote ni wa Hezekia, mfalme wa Yuda, nanyi anzeni nao. Someni 2 Wafalme 18 na 19. Senakeribu mfalme wa Ashuru anapanda, anateka miji ya Yuda yenye maboma. Hezekia anamlipa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu. Jeshi linafika Yerusalemu, kisha usiku mmoja malaika wa Bwana anapiga watu 185,000, na Senakeribu anarudi Ninawi. Sasa, mwaka 1830 huko huko Ninawi kilipatikana kipande cha udongo wa kuchoma chenye pande sita, kimejaa maandishi ya kikabari, yale ya kale ya alama zenye umbo la kabari. Kiko London, katika British Museum. Humo Senakeribu anajisimulia mwenyewe: aliteka miji 46 ya Hezekia, akamfungia ndani ya Yerusalemu kama ndege kwenye tundu, akapokea talanta 30 za dhahabu na 800 za fedha.

Darasani wagawie masimulizi yote mawili wayasome bega kwa bega, halafu wewe nyamaza. Dhahabu inalingana, talanta kwa talanta. Fedha imepishana, na wanafunzi wataligundua hilo kabla hujamaliza kunywa maji. Senakeribu, ambaye hakusahau kutaja hata punda na ngamia aliowateka, hasemi popote kwamba aliingia Yerusalemu. Na malaika? Udongo umenyamaza. Hapo wengi wetu tunarukia: kama kuzingirwa ni kweli, basi na malaika ni kweli. Msiruke. Kipande kile kinathibitisha vita, kodi, jina la mfalme na mji ambao haukuanguka. Sababu ya kutoanguka hakikuitoa, na hatukutarajia mfalme aandike aibu yake. Mwanafunzi akikuuliza, mwambie hivyo hivyo.

Lakini angalieni jambo moja zuri: shahidi yule ni adui. Hana sababu ya kumpendelea Hezekia. Ndivyo ilivyo pia kwa jiwe la Mesha mfalme wa Moabu, lililoonekana mwaka 1868, linalomtaja Omri mfalme wa Israeli na jina la Mungu wa Israeli, na jiwe la Tel Dan lililopatikana 1993, ambamo mfalme mmoja wa Kiaramu anajigamba kuipiga "nyumba ya Daudi". Kabla ya hilo la Dan walikuwepo wasomi waliosema Daudi ni hadithi tu. Sasa kazi yao imekuwa ngumu. Wenzangu wa Iringa hatuhitaji kueleweshwa sana juu ya ushuhuda wa adui, maana twende Lugalo, mnara bado upo. Waliujenga Wajerumani kwa ajili ya wafu wao, akina Emil von Zelewski, waliouawa na majeshi ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, tarehe 17 Agosti 1891. Hata kama mabibi zetu wasingesimulia neno, mnara wa walioshindwa ungesema.

Na kwa kuwa tumemtaja Mkwawa, kila kundi jipya ninalipeleka Kalenga, kama kilomita 15 kutoka mjini. Nawasimamisha mbele ya fuvu lililo katika makumbusho na kuwaeleza safari yake. Mkwawa alijipiga risasi mwaka 1898 asikamatwe, kichwa kikachukuliwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu lake. (Kifungu hicho hicho kinadai pia Kurani ya Khalifa Othman irejeshwe, fuvu na kitabu kitakatifu ndani ya ibara moja, sijui mwandishi wake alikuwa anawaza nini.) Muda ukapita bila kitu. Baadaye gavana Mwingereza wa Tanganyika, Edward Twining, akaenda Bremen, Ujerumani, akakuta makumbusho yenye mafuvu mengi, akachagua moja kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya ndugu wa Mkwawa. Likaletwa Kalenga mwaka 1954. Wako wanahistoria wanaotilia shaka kama ndilo lenyewe.

Hapo nawauliza wanafunzi: tuna maswali mangapi? Mara nyingi wanasema moja. Mimi nahesabu matatu. Kama Mkwawa alikuwepo na akapigana, hilo halina ubishi, maadui wameliandika. Kama fuvu hili ni lake, hapo ushahidi upo lakini una nyufa. Na kwa nini mzee wa Kihehe anavua kofia akiingia chumba kile, hilo halipimwi kwa rula, wala halingebadilika sana rula ikileta jibu jingine. Ukimkuta mtu anabisha "Biblia ni kweli" na mwingine "Biblia si kweli", mara nyingi mmoja yuko kwenye swali la kwanza, mwenzake yuko la tatu, nao wanapigana vikumbo gizani.

Mtakutana pia na mawe yanayokataa. Kathleen Kenyon, Mwingereza, alichimba Yeriko kati ya 1952 na 1958, akasema mji ulibomoka yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, na kwamba katika muda ambao wengi wanauweka kwa Yoshua hakukuta ukuta wa kuanguka. Wapo waliompinga, lakini wanaakiolojia wengi wamebaki naye. Luka 2:2 inaiweka sensa wakati Kirenio alipokuwa liwali wa Shamu. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anaiweka sensa ya Kirenio katika mwaka wa 6 baada ya Kristo, ilhali Herode, ambaye Mathayo 2:1 inasema Yesu alizaliwa katika siku zake, alikufa mwaka wa 4 kabla ya Kristo. Majibu yaliyotolewa ninayajua, machache yananiridhisha. Msiyafiche haya. Mtoto atayakuta kwenye simu yake usiku wa siku hiyo hiyo, na atajiuliza kama mwalimu hakuyajua au alimficha.

Nimebakiza lililo zito. Msalaba una mashahidi wa nje: Tacitus, mwanahistoria Mrumi asiyewapenda Wakristo hata kidogo, anaandika kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato, Tiberio akiwa kaisari, na jiwe lenye jina la Pilato lilipatikana Kaisaria mwaka 1961. Kaburi tupu halina jiwe la namna hiyo. Tulicho nacho ni Paulo, katika 1 Wakorintho 15:6, anayesema zaidi ya ndugu mia tano walimwona Bwana na wengi wao wangali hai. Nendeni mkawaulize, ndivyo ninavyomsikia. Sisi hatuwezi kwenda.

Basi tuiamini bila shahidi wa nje? Calvin, mwanamatengenezo wa karne ya kumi na sita, alisema Roho ndiye anayeshuhudia ndani ya msomaji kwamba hili ni neno la Mungu, na hoja zote nyingine zinafuata nyuma. Mjomba wangu, katekista Mkatoliki wa miaka mingi kule Tosamaganga, ananicheka: "Nyinyi Walutheri mna kitabu. Sisi tuna kitabu na waliotukabidhi kitabu." Namheshimu, na sijawahi kumshinda. Mimi namfikiria bibi yangu. Hakusikia habari za Tel Dan maisha yake yote. Lakini hakuamini hivi hivi. Aliwatazama waliomletea Neno kwa miaka: nani alikuja kwenye msiba, nani alilipa deni, nani alimpiga mkewe. Kwangu huo ni ushahidi, na unatosha kumfanya mtu aanze kusadiki. Yale ambayo jiwe linaweza kuulizwa, liulizwe. Yale ambayo haliwezi, tuyaamini kwa sababu ya tuliowaamini, na tuseme wazi kwamba ndivyo tulivyofanya.

Shida ya hoja yangu naijua. Jirani yangu wa Kihesa ni Mwislamu, na bibi yake naye aliwatazama watu wake vivyo hivyo. Kwa hiyo sijawahi kuitumia kumshinda mtu, wala nanyi msiitumie. Inaeleza kwa nini mimi nimesimama hapa. Haimburuti yeye aje nilipo.

Ratiba ya vikundi vipya ni hivi: Jumamosi ya kwanza Kalenga, ya pili Gangilonga. Bebeni maji, kilima kinachosha. Jina lile kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, na wanasema Mkwawa alikuwa akipanda pale kutafakari. Mwaka jana mvulana mmoja aliniuliza kama jiwe liliwahi kuongea kweli. Nikawaambia wakaulize majumbani. Juma lililofuata wakarudi na masimulizi manne. Yote yalikuwa na jiwe, yote yalikuwa na Mkwawa. Mengine yote yalipishana. Wavulana wakaanza kubishana ni bibi yupi muongo. Msichana mmoja alikuwa ameyaandika yote manne kwenye daftari, kwa mistari minne iliyosimama kama jedwali, akiweka alama yanapokutana. Nikamuuliza kajifunza wapi kufanya vile. Akasema, "Si wewe Mama, ile siku ya Senakeribu?"