Mkuu usimtumie huyo jamaa pauni 350, subiri kwanza

Mleta mada usitume hiyo hela. Nimesoma uzi wako asubuhi hii na roho imenidunda. Umeuliza mambo manne, uanze na mkesha gani wa northern soul (dansi za usiku kucha za Uingereza zinazopiga soul ya Marekani ya miaka ya 60), uvae nini, kwanini watu wanamwaga poda sakafuni, halafu mwishoni kabisa ukatupia kama kitu kidogo tu kwamba kuna mtu hapo Uingereza anakuuzia santuri ya Gloria Jones, "Tainted Love", ya kampuni ya Champion ya mwaka 1965, pauni 350, amekutumia picha za lebo, ile karatasi ya katikati, pande zote mbili na anakwambia kuna mteja mwingine anaisubiri mpaka kesho jioni. Na watu wote waliokujibu hapo juu wamekimbilia kwenye viatu! Viatu vitakusubiri. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza kama umeona kilichoandikwa kwenye ile sehemu tupu kati ya wimbo na lebo, pale sindano inapozunguka bure wimbo ukishaisha.

Hujaona. Nina uhakika hujaona kwa sababu ungeona ungeandika.

Lebo siyo ushahidi mkuu. Lebo ni karatasi, na karatasi imekuwa ikinakiliwa tangu miaka ya 70 huko, kabla hata ya skana na kompyuta. Huo wimbo ulikuwa upande wa pili wa santuri iliyokuwa haina soko hata kwao Marekani, ukaja kufufuliwa na vijana wa kaskazini mwa Uingereza kwenye madisko yao, halafu 1981 bendi ya Soft Cell ya huko huko Uingereza wakaurudia ukashika namba moja. Sasa piga hesabu, kopi za mwanzo chache, wanaoutaka dunia nzima. Kitu cha namna hiyo hakikosi feki na huu feki zake zipo mitaani miaka nenda rudi.

Ngoja nikueleze mimi nilivyopigwa, na nitaeleza kwa kirefu maana hapa ndipo penyewe.

Nilikuja Bolton, kaskazini mwa Uingereza, 1978 kusomea mambo ya viwanda vya nguo, kijana wa Tanga niliyekulia kwenye Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, muziki wa Detroit nausikia kwenye redio tu. Jirani yangu pale hosteli, Mwingereza, mtoto wa fundi mitambo, ndiye aliyenipeleka Wigan Casino. Jumba la zamani la dansi, Station Road, mikesha yake ilianza Septemba 23, 1973 na ilikufa Desemba 6, 1981. Bia hawauzi. Watu hawajaja kulewa wala kutafuta wachumba, wamekuja na mabegi yana nguo za kubadilisha na taulo, wanacheza usiku kucha mpaka saa mbili asubuhi, sakafu ya mbao inanesa chini ya miguu, jasho linapanda darini linarudi kama mvua. Na nyimbo zenyewe ni za watu weusi wa Detroit, Chicago, Los Angeles, za miaka ya 60, ambazo kwao zilishasahaulika na waimbaji wake wengine walikuwa wamesharudi kwenye kazi za viwandani. Weusi tuliokuwa mle ndani tulikuwa wa kuhesabika, lakini sijawahi kuona watu wanaoheshimu muziki kwa kiwango kile, kijana wa mgodini anakutajia mwimbaji, mpiga besi, studio na mwaka. Mle kulikuwa pia na wauzaji wa santuri na masanduku yao, unacheza, unachoka, unakwenda kuchambua. Asubuhi wanafunga na zile nyimbo tatu ambazo hazibadiliki, ya Tobi Legend, ya Jimmy Radcliffe na ya Dean Parrish, na watu wazima wanalia, ndiyo, wanalia.

Sasa kwenye masanduku yale kulikuwa na muuzaji mmoja. Simtaji. Aliniona nimesimama nasikiliza wimbo fulani wa Detroit ambao nilikuwa nauota, akanishika bega akaniambia hii ni moja tu, imetoka Marekani wiki hii, na watu wako ndio walioiimba kwahiyo inafaa ikae kwako. Watu wangu! Mimi ni Mdigo wa Tanga! Lakini hapo ndipo aliponikamata, na najua alinikamata makusudi, kwa sababu kijana aliye mbali na kwao ukimwambia kitu fulani ni chako atakupa mpaka nauli ya kurudia. Nilitoa karibu posho yangu yote ya mwezi. Lebo safi, rangi sawa, herufi sawa, tundu kubwa la katikati la Kimarekani. Inang'aa. Hiyo kung'aa peke yake ilitakiwa iniambie kitu.

Na kabla hujaja hapa kuniuliza kwanini sikukagua, ningekagua kwa kutumia nini? Hakukuwa na intaneti, hakukuwa na picha za kulinganisha, waliojua alama za viwanda walikuwa hao hao wauzaji na marafiki zao, na ma-DJ wenyewe walikuwa wanabandika karatasi nyeupe juu ya lebo na kutangaza majina ya uongo ili wenzao wasijue wimbo umetoka wapi. Wimbo wa Frank Wilson, "Do I Love You", pale Wigan ulipigwa kwa jina la Eddie Foster, na kuna feki zilizotoka na jina hilo hilo la uongo! Mtu ananunua feki yenye jina ambalo hata siyo la mwimbaji. Mazingira yalikuwa hayo, yule muuzaji aliyajua vizuri na akayatumia.

Nikaiweka ile santuri kama mtu anavyoweka kiwanja. Miaka mingi. Kila bei zilipopanda nilikuwa nafurahi kimoyomoyo. Siku mama alipotakiwa kufanyiwa operesheni Tanga nikasema basi, ndiyo siku yake, nikaipeleka kwa mzee mmoja mnunuzi wa santuri anayeaminika. Hakuiweka hata kwenye plea. Aliilaza chini ya taa, akaigeuza, akaenda kwenye rafu akaleta ya kwake akaziweka pamoja akaniambia tazama mwenyewe. Ya kwake pale karibu na lebo ilikuwa na namba zilizogongwa kwa mashine, na alama ya ARP, ambayo ni ya kiwanda cha American Record Pressing cha Owosso, Michigan, kile kilichokuwa kinawafyatulia Motown na kampuni nyingine nyingi za santuri za Detroit na kikaungua 1972. Ya kwangu ilikuwa na namba ile ile imechorwa kwa mkono, imepinda, ARP hakuna. Basi. Akanirudishia kwa upole. Hela ya operesheni nilikopa, na wadogo zangu wakachanga wakati walikuwa na watoto wa kusomesha. Mama alipona namshukuru Mungu, ila lile deni nililibeba muda mrefu, na sitaki kumwona mtu mwingine anayezungumza lugha yangu anapigwa changa la macho la aina ile ile eti kwa sababu kaonyeshwa picha ya lebo.

Kwahiyo sheria ni moja, usitoe hela kabla hujaona hiyo sehemu tupu, pande zote mbili, na kuilinganisha na ya orijino inayojulikana. Santuri ikifyatuliwa kihalali, fundi wa studio na kiwanda wanaacha alama zao pale ndani. Studio ya Bell Sound ya New York walikuwa wanagonga jina lao, Nashville Matrix vivyo hivyo, kiwanda cha Monarch cha Los Angeles kinaandika pembetatu ndogo yenye namba, Owosso ndiyo hiyo ARP. Anayetengeneza feki hana bamba la mwanzo la kufyatulia, anarekodi kutoka kwenye santuri nyingine, anakata bamba jipya, halafu anachora namba kwa mkono ili ifanane. Ndiyo maana feki nyingi ukiziweka kwenye plea unasikia mikwaruzo wakati santuri yenyewe haina hata mkwaruzo mmoja, hiyo mikwaruzo ni ya ile aliyonakilia.

Lakini usije ukatoka hapa unasema mwandiko wa mkono maana yake feki, hapana, zipo orijino kibao ambazo namba zake zimechorwa kwa mkono tangu siku ya kwanza, kampuni ndogo ndogo ndivyo zilivyofanya. Ndiyo maana nasema linganisha na hiyo hiyo unayonunua, siyo na nyingine. Na angalia imetengenezwa kwa kitu gani, kuna viwanda vya Marekani vilitumia stairini, plastiki ngumu, badala ya vinaili ya kawaida, hiyo stairini haipindi, ukiigonga na ukucha inatoa mlio mkavu, na lebo yake imebandikwa juu kwa gundi, wakati ya vinaili lebo imeshindiliwa pamoja na santuri yenyewe. Kama orijino inajulikana ni ya stairini na wewe unauziwa ya vinaili, funga mazungumzo.

Halafu hili la "kuna mwingine anaisubiri mpaka kesho jioni." Mkuu, muuzaji mkweli wa kitu cha pauni 350 anajua mnunuzi atauliza maandishi ya ndani, picha hiyo anayo tayari, wengine wanaiweka kabla hujaomba. Hawa wa haraka haraka ndio wale wale wa masanduku ya Wigan, wamehamia kwenye simu. Wananikera kupita kiasi kwa sababu wanawinda wageni, wanajua mwenyeji atauliza, mgeni ataona aibu kuuliza. Usione aibu! Kwenye mambo haya hata wakongwe wanaulizana.

Na kama unachotaka ni kuusikiliza wimbo tu, nunua toleo jipya la halali kwa bei ndogo, kampuni ya Kent ya London wanarudia nyimbo hizi kihalali tangu 1982 na kwa kawaida wanapewa kanda za mwanzo, sauti safi na mwenye haki anapata chake. Hakuna ubaya wowote. Ubaya ni kulipa bei ya orijino kwa kitu ambacho kilitengenezwa bila mwimbaji kupata hata senti. Huyo Frank Wilson, kopi za 1965 zilizojulikana kwa miaka mingi zilikuwa mbili tu, moja ikauzwa 2009 kwa zaidi ya pauni 25,000, lakini Tamla Motown waliutoa wimbo huo huo Uingereza 1979 na yeyote angeweza kuununua dukani. Wimbo ni ule ule.

Kuhusu mkesha, nenda klabu ya 100 Club, Oxford Street, London, wanaoendesha mikesha ya soul pale wana miaka mingi na ni watu wa maana, uliza tarehe kabla hujakata tiketi ya treni. Poda ni ya kufanya soli za ngozi ziteleze ili uzunguke bila kuumia goti, ila siku hizi kumbi nyingine hazitaki, kwahiyo usiende na kopo lako ukalimwaga kabla hujaona wenyeji wanafanya nini.

Sasa hivi, kabla hujala chakula cha mchana, mwandikie huyo jamaa akupige picha ya karibu, mwanga uwe wa pembeni siyo wa juu, upande wa "Tainted Love" na upande wa "My Bad Boy's Comin' Home", maandishi yote yasomeke mzunguko mzima, kipande kimoja hakitoshi. Akikutumia zilete hapa kwenye uzi, kuna mtu ninayemfahamu huku ana Champion ya kweli, nitamwomba ailaze kando tulinganishe herufi kwa herufi. Akianza kusema kamera yake mbovu au ameshaifunga kwenye bahasha, mwambie aifungue.