Mdahalo wa kwanza wa urais Kenya uliongozwa na nani?

Hapana ndugu unayesema ni Joe Ageyo, usiku wa kwanza hakuwa yeye. Mdahalo ule wa Februari 11, 2013, pale shule ya Brookhouse Nairobi, uliongozwa na Linus Kaikai wa NTV na Julie Gichuru wa Citizen. Kaikai ndiye aliyeanza, kisha akampisha Julie. Ageyo, wakati huo yuko KTN, aliingia raundi ya pili Februari 25 pamoja na Uduak Amimo, ndiyo maana watu huchanganya.

Niliutazama mwanzo hadi mwisho, wagombea wote wanane wamesimama kwenye mimbari zao. Kaikai hakuzunguka suala la ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague, alimwuliza Uhuru waziwazi ataongozaje nchi akiwa na kesi, na ndipo Raila akasema serikali haiwezi kuendeshwa kwa Skype kutoka The Hague. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi halisi ya mtangazaji wa siasa: kuuliza kwa utulivu, kisha kunyamaza ujibiwe.

Na wanaosema Kaikai alikuwa msoma habari tu wanamkosea sana. Mwishoni mwa Januari 2018, serikali ilipozima matangazo ya NTV, yeye na watangazaji wenzake Larry Madowo na Ken Mijungu walilala Nation Centre, jengo la ofisi za NTV, wakihofia kukamatwa. Mwaka huohuo akahamia Royal Media, wenye Citizen TV, ila huko aliingia kama mkurugenzi.